Sindano za Kichina na vidonge vya hospitali, vyote vipimwe kwa mzani mmoja

Kuna ugonjwa mmoja ambao kila anayeutibu ana mashahidi wake. Mtu anaamka asubuhi, anasukutua, maji yanamtoka pembeni ya mdomo bila yeye kutaka, anajiangalia kwenye kioo anakuta nusu ya uso imelala, jicho moja halifumbi, akijaribu kucheka mdomo unavutwa upande mmoja. Mtaani wanasema kapigwa upepo, wengine wanasema katupiwa kitu, wengine wanalia kabisa wakijua ni kiharusi. Alafu ushauri unaanza kumiminika, fulani aliombewa akapona, fulani alifukizwa akapona, fulani alichomwa sindano za Kichina wiki tatu akapona, fulani alipewa vidonge hospitali naye akapona. Na wote hao wanasema kweli, hakuna aliyedanganya, walipona.

Shida iko hapo hapo kwenye huo ukweli wao. Kule Copenhagen nchini Denmark daktari mmoja, Peitersen, alifuatilia wagonjwa wa uso kupooza kwa miaka 25 bila kuwapa dawa yoyote, na alipochapisha matokeo mwaka 2002 alikuwa na watu 1,701 wenye ile aina isiyo na chanzo kinachojulikana, ile madaktari wanaiita kupooza kwa Bell. Asilimia 71 kati yao uso ulirudi kawaida kabisa. Asilimia 85 walianza kuona nafuu ndani ya wiki tatu tu. Hawa watu hawakupewa kitu, narudia, hawakupewa kitu. Sasa fikiria mtu yeyote mwenye sehemu ya kutolea tiba, hata kama anachotoa hakina kazi yoyote mwilini, akipokea wagonjwa kumi wa hivi basi saba hivi watarudi kumshukuru, na wale watatu waliobaki na uso umepinda hawatarudi kwake, watakuwa wameshahamia kwa mwingine. Kwahiyo atakuwa na mashahidi wa kweli kabisa, wenye sura na namba za simu, na yeye mwenyewe ataamini kwa moyo wake wote kwamba tiba yake inafanya kazi. Hajamuibia mtu. Ila hajui anachokisema.

Ndo maana mimi nikisikia tiba yoyote ya mishipa ya fahamu, ya masikio au ya macho inasifiwa, iwe imetoka Beijing au imetoka kiwandani Ulaya, nauliza kitu kimoja, walipona kuliko nani? Maana magonjwa ya eneo hili yana tabia zake, mengine yanaondoka yenyewe kama huo uso kupooza, mengine yanakuja na kuondoka kama kipandauso na kizunguzungu, mengine ni ya kuhisi tu na hayapimiki kwa damu wala picha, kama masikio kuvuma. Mtu anaenda kutibiwa siku amezidiwa, na baada ya siku kuzidiwa mara nyingi inafuata siku yenye afadhali, hata kama hakumeza kitu. Bila kundi la kulinganisha nalo huwezi kujua sifa ni za nani.

Waskoti walionyesha vizuri jinsi ya kulifanya hili jambo. Kati ya 2004 na 2006 walikusanya wagonjwa 551 kwenye hospitali 17, wote wakiwa bado ndani ya saa 72 tangu uso uanze kulala, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi manne, wengine prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 25 mara mbili kwa siku kwa siku 10, wengine asiklovia ambayo ni dawa ya virusi, wengine zote mbili, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua anameza nini, na daktari aliyempa naye hakujua. Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi walivyopima. Kila mgonjwa alipigwa picha katika mikao minne, uso umetulia, ametabasamu kwa nguvu, amenyanyua nyusi, amefumba macho kwa kukaza, alafu picha zikapelekwa kwa wataalamu watatu, wa masikio na koo, wa mishipa ya fahamu na wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ambao hawakujua kabisa nani alimeza nini. Hamna nafasi ya mtu kumpendelea mgonjwa wake hapo.

Matokeo yakatoka 2007. Baada ya miezi mitatu, waliopata prednisoloni walipona kabisa asilimia 83, ambao hawakuipata asilimia 63.6. Baada ya miezi tisa ikawa asilimia 94.4 kwa 81.6. Soma hiyo namba ya mwisho taratibu, hata wasiopata prednisoloni zaidi ya wanane kati ya kumi walipona, ila dawa iliwaokoa wengine kumi na kitu katika kila mia, na hao ni watu ambao wangetembea na uso uliopinda pengine maisha yao yote. Na ile asiklovia? Haikusaidia kitu, miezi mitatu asilimia 71.2 waliopata na 75.7 wasiopata. Kabla ya hapo madaktari wengi tu walikuwa wanaandika hizo dawa za virusi kwa nia njema, na sababu zenyewe zilikuwa na mantiki, virusi vinashukiwa kuhusika, basi piga dawa ya virusi. Mantiki ilikuwa nzuri, matokeo hayakuja. Hii ni dawa ya hospitali, ya kisayansi, ya kiwandani, na ilipopanda mzani ikaonekana haina uzito. Kwahiyo yeyote anayesema kupima ni njama ya kuzikandamiza tiba za Mashariki aangalie kwanza kilichoipata asiklovia.

Tuje kwenye sindano zenyewe. Akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, ni ngumu kuipima kuliko kidonge, na wanaolalamika kwamba vipimo vya kidonge haviitoshi wana hoja ya kusikilizwa. Kidonge cha bandia unatengeneza kinafanana na cha kweli basi kazi imeisha. Sindano unaibandia vipi? Mtu anajua kama kachomwa au hajachomwa. Mwaka 1998 huko Ujerumani Konrad Streitberger na mwenzake wakaja na sindano ya ncha butu ambayo ikigusa ngozi shina lake linazama ndani ya mpini kama kisu cha maigizo, mgonjwa anahisi kitu kimemgusa na anaiona imesimama, kumbe haijaingia. Wengine wanatumia njia nyingine, wanachoma kweli lakini juu juu tu na sehemu ambazo hazimo kwenye ramani ya Kichina. Ila anayechoma lazima ajue anachofanya, huyo huwezi kumficha, na uso wake, sauti yake, muda anaokaa na mgonjwa, vyote vinaweza kubeba ujumbe. Hilo tatizo halijaisha mpaka leo.

Kwa uso kupooza kuna utafiti mmoja wa China nauheshimu. Ulichapishwa 2013, wagonjwa 338 kwenye hospitali 11, wote walipewa prednisoni, ndugu yake prednisoloni, kwanza, hakuna aliyenyimwa dawa inayojulikana kusaidia, na wote walichomwa sindano. Tofauti ilikuwa kwamba kundi moja sindano zilizungushwa na kuchezeshwa mpaka mgonjwa ahisi ule uzito na ganzi ambayo waganga wa Kichina wanaitafuta, kundi lingine sindano zilichomekwa zikaachwa. Baada ya miezi sita wale waliochezeshewa sindano uso ulifanya kazi vizuri zaidi. Ni matokeo mazuri, na mimi sina shida kuyasema, ila ona kinachoulizwa pale, wanauliza namna ya kuchoma, hawaulizi kama sindano inashinda kutochomwa kabisa, na hakuna sehemu yoyote wanasema acha dawa njoo kwenye sindano. Anayeutumia huo utafiti kumwambia mgonjwa asimeze prednisoloni hajausoma, au kausoma akaficha nusu.

Na kuna sababu ya kutaka tafiti hizi zirudiwe nje ya China. Mwaka 1998 hiyo hiyo Andrew Vickers na wenzake walipitia majaribio ya akupancha yaliyochapishwa nchi mbalimbali, wakakuta yale yaliyotoka China, Japani, Hong Kong na Taiwan yote yalisema akupancha inafanya kazi. Yote, hakuna hata moja lililoshindwa. Wakaangalia na majaribio yasiyohusu sindano, yaliyotoka China asilimia 99 yalitoa ushindi kwa tiba iliyokuwa inapimwa, yaliyotoka Uingereza asilimia 75. Hakuna tiba duniani inayoshinda kila mara, hata parasetamoli. Matokeo ya namna hiyo yanamaanisha yaliyoshindwa yako kwenye makabati, hayakuchapishwa, na sisi wasomaji tunaonyeshwa wale saba tu kati ya kumi.

Kipandauso ndo sehemu ambayo sindano imepimwa kwa uzito wa kweli, na jibu lake linawasumbua watu wa pande zote. Wajerumani tena. Jaribio moja la 2005 lilikuwa na wagonjwa 302, waliochomwa sehemu sahihi asilimia 51 siku zao za kuumwa kichwa zilipungua kwa nusu au zaidi, waliochomwa juu juu sehemu zisizo sahihi asilimia 53, waliowekwa tu kwenye foleni ya kusubiri asilimia 15. Mwaka uliofuata likaja kubwa zaidi, wagonjwa 960, na safari hii wakaweka na kundi la dawa za kawaida za kuzuia kipandauso. Sindano sahihi asilimia 47, sindano zisizo sahihi 39, dawa 40, na kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema kuna mshindi. Kuna jambo dogo pale watu wanalipita, wagonjwa 106 waliopangiwa kundi la dawa walijitoa hapo hapo baada ya kujua wamepangiwa dawa, maana wao walikuja kutafuta sindano. Kwahiyo matumaini ya watu yalikuwa yameshaegemea upande mmoja kabla hata jaribio halijaanza.

Mimi nasoma hivi. Ile ramani ya mwili yenye njia na nukta, ambayo fundi anakwambia nukta hii ni ya kichwa na ile ya ini, haijathibitika kuwa na uzito wanaoupa, maana ukichoma pembeni unapata karibu kile kile. Mapitio makubwa ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, yalikuwa na majaribio 22 na watu 4,985, yakakuta tofauti ipo ila ndogo, waliopungukiwa kipandauso kwa nusu au zaidi ni watu 50 kati ya 100 kwa sindano za kweli na 41 kwa za bandia. Lakini pia huwezi kusema sindano ni upuuzi wakati kwenye kipandauso inalingana na dawa ambazo hospitali zinaandika kila siku, na dawa hizo zina madhara yake. Mwenye pumu hatakiwi kupewa propranololi. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba valproati ni hatari kwa mtoto, hatari kweli. Mtu wa hivyo akiniambia anataka kujaribu sindano, zikiwa safi na za kutumika mara moja, simkatazi, na nadhani daktari anayemcheka anakosea. Kamati ya Ujerumani inayoamua bima ya afya ilipe nini iliposhika matokeo ya majaribio ya kwao, 2006 iliamua bima ilipe akupancha kwa maumivu ya mgongo na magoti, kichwa ikakiacha nje. Unaweza kubishana na uamuzi wao, ila angalau walipima kwanza ndipo wakaamua.

Kwenye masikio hali ni ya kusikitisha zaidi. Mwaka 1968 kwenye jimbo la Jilin matabibu wa jeshi la China waliingia shule ya watoto viziwi wakaanza kuwachoma sindano nyuma ya sikio na shingoni, na picha zikasambazwa dunia nzima za watoto wanaotamka aishi Mwenyekiti Mao. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Watoto wengi wanaoitwa viziwi wana usikivu kidogo uliobaki, na wale walikuwa wanafundishwa kutamka wakati huo huo wanachomwa, sasa nani alifanya kazi, sindano au mwalimu? Hilo halikuulizwa. Shule za viziwi China zipo mpaka leo. Miaka hiyo hiyo ndo madaktari wa Shandong walianza kuja Tanzania bara, Zanzibar wenzao walishafika tangu 1964, na wamefanya kazi kubwa ya kuheshimika, upasuaji, uzazi, macho, sio sindano peke yake. Ila imani kwamba sindano inafungua sikio nayo ilisafiri, na mpaka leo unakuta mzazi ambaye mtoto wake kapoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo, au baada ya kuchomwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria inayoweza kuharibu masikio, anazunguka kwenye kliniki na mtoto analia, mwaka unaisha, wa pili unaisha. Huo muda ni wa ubongo kujifunza lugha, iwe ya alama au ya sauti. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wameanza kupandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na mtoto akifika mapema faida yake ni kubwa, akifika amechelewa hakuna wa kumrudishia hiyo miaka.

Na vidonge vya masikio navyo visijione vimepona. Kwa masikio kuvuma, ginko, dawa ya majani ya mti, ilipimwa Uingereza kwa watu 1,121, matokeo yakatoka 2001, haikushinda kidonge cha bandia. Betahistini inaandikwa sana kwa watu wenye kizunguzungu cha ugonjwa wa Ménière, ambao ni wa sikio la ndani, 2016 Wajerumani wakatoa jaribio la wagonjwa 221 kwa miezi tisa, dozi ndogo, dozi kubwa na bandia, wote mashambulizi yakapungua na hakukuwa na tofauti kati yao. Kundi la bandia nalo lilipata nafuu ile ile. Daktari aliyekuwa anaona wagonjwa wake wanapata nafuu na betahistini alikuwa anaona kitu cha kweli, kama anavyoona mchoma sindano.

Kifafa ni tofauti, hapo sina upole. Mapitio ya akupancha kwa kifafa ya 2014 yalikusanya majaribio 17 yenye watu 1,538 na hayakupata ushahidi wa kuaminika kwamba inazuia degedege za kifafa. Wakati huo huo dawa ya bei nafuu kabisa ipo na imepimwa hapa hapa kwetu. Nakuru, Kenya, matokeo yalichapishwa 1991, wagonjwa 302 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya fenobabitoni na kabamazepini, wengi hawakuwahi kutibiwa hospitali, na kwenye nusu ya pili ya mwaka asilimia 53 ya waliofika mwisho hawakupata degedege hata moja. Dawa mbili zikatoka sare, kwahiyo ile ya bei rahisi inatosha kuanzia. China yenyewe, mama wa sindano, ilipotaka kuwafikia wenye kifafa vijijini ilienda na fenobabitoni, wagonjwa 2,455, na hawakuona aibu. Mtu anayemtoa mgonjwa wa kifafa kwenye dawa ili amchome sindano anamuweka karibu na moto, karibu na kisima, na kwetu tunajua watu wa kifafa wanaumia wapi.

Nirudi kwenye uso kupooza, maana kuna saa zinahesabika. Prednisoloni kwenye majaribio ilianzwa ndani ya saa 72. Ni kidonge kidogo, cha bei ya chini, kipo hata kwenye vituo vya afya, ila lazima mtu aonwe kwanza, mwenye kisukari sukari inaweza kupanda, na uso kupooza kunaweza kuja na virusi vya ukimwi au mkanda wa jeshi sikioni, kwahiyo sio kitu cha kujinunulia dukani. Ukiona mtu mdomo umepinda mwambie anyanyue nyusi. Akishindwa kukunja paji la uso upande ule ule, mara nyingi ni mshipa wa uso wenyewe. Paji likikunjika vizuri, au mkono na mguu vimelegea, au maneno hayatoki sawa, hicho ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Hata yule mwenye paji lililolala aende siku hiyo hiyo. Na lile jicho lisilofumba lilindwe, matone mchana, lifunikwe usiku, maana kuna watu uso umepona na jicho limebaki na kovu. Nimeshakaa na ndugu aliyeanza na sindano kwenye kliniki moja, akachomwa wiki mbili bila mtu kumuuliza habari ya dawa wala ya jicho, alipofika kwa daktari saa 72 zilikuwa zimepita zamani. Sindano hazikumdhuru. Kilichomdhuru ni kuchelewa, na hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kupata vyote viwili.

Sheria Tanzania tunayo, ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002, na baraza lipo linalosajili watoa huduma. Ila usajili unasema huyu mtu anaruhusiwa kufanya kazi, hausemi tiba yake imeshinda nini. Ningependa baraza liende hatua moja mbele, kliniki inayotangaza kutibu kupooza, kifafa au uziwi iandike wagonjwa wote walioingia, sio waliopona tu, na iwe lazima kumpeleka mgonjwa hospitali siku ya kwanza kwa magonjwa yenye saa za kuhesabu.

Jaribio lenyewe tunaweza kulifanya sisi. Muhimbili, Mnazi Mmoja ya Zanzibar ambako madaktari wa Kichina wapo miaka yote hii, Kenyatta kule Nairobi, wagonjwa wa uso kupooza hawakosekani. Kila mmoja apewe prednisoloni kwa wakati, hakuna wa kunyimwa, alafu nusu yao kwa bahati nasibu waongezewe sindano na nusu wapewe sindano za bandia, picha nne zile zile za Waskoti, simu ya kawaida inatosha, na wanaosoma picha wasijue nani ni nani. Miezi mitatu, miezi sita, miezi tisa. Ila liandikishwe hadharani kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na ahadi iwekwe kwa maandishi kwamba matokeo yatachapishwa kwa Kiswahili pia, sindano ikishinda au ikishindwa.